Wafalme wa Uingereza ni Wajerumani? Nasaba ya Sachsen-Coburg na Gotha, hatua kwa hatua

Oktoba 2025 ikulu ya Buckingham ilitangaza kwamba Andrew, mdogo wake Mfalme Charles, anavuliwa vyeo na heshima zake, na kuanzia hapo ataitwa Andrew Mountbatten Windsor. Wengi hawakuwa wanajua kwamba familia ile ina jina la ukoo. Maswali yakaanza. Mountbatten ni nani? Windsor si jina la kasri? Na mbona wengine wanasema hawa kwa asili ni Wajerumani? Swali moja likavuta jingine, na haukupita muda zikarudi hadithi tunazozisikia tangu shuleni: kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Ujerumani Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya kuzaliwa, na kwamba Leopold wa Kongo naye alikuwa jamaa wa nyumba hiyohiyo.

Sehemu kubwa ya majibu iko kwenye ukoo mmoja wa Kijerumani uitwao Sachsen-Coburg na Gotha, ambao magazeti ya Kiingereza huuandika Saxe-Coburg. Mara nyingi unaelezwa kwa haraka mno, na msomaji anabaki na nusu ya jibu. Hapa tuuchukue taratibu.

Mlango, jina na cheo

Kuna mambo matatu yanayochanganywa. La kwanza ni mlango wa nasaba. Katika koo za kifalme za Ulaya, mlango kwa desturi huhesabiwa upande wa baba. Mtoto huingia mlango wa baba yake hata kama kiti cha enzi amekirithi kwa mama.

La pili ni jina la familia, lile ambalo mimi na wewe tunaliandika kwenye kitambulisho. Wafalme walikaa karne nyingi bila kulihitaji, kwa sababu Mfalme George akisaini "George" hakuna anayeuliza George yupi. La tatu ni cheo: mfalme, Duke, Prinz na kadhalika. Cheo hutolewa, hurithiwa na huweza kuvuliwa, wala hakimwondoi mtu kwenye mlango wake. Andrew amepoteza la tatu. La kwanza hakuna mfalme anayeweza kumwondolea.

Ukoo wa Wettin

Coburg ni chipukizi la ukoo mkongwe zaidi, Wettin, uliopewa jina la ngome iliyoko kando ya mto Saale, si mbali na mji wa Halle. Wettin waliitawala Saksonia. Mkuu wao alikuwa na cheo cha Kurfürst, yaani mmoja wa wale wachache waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari wa Dola Takatifu ya Kiroma. Mwaka 1485 ndugu wawili, Ernst na Albrecht, waligawana nchi, na tangu hapo kuna milango miwili: wa Ernst na wa Albrecht. Mlango wa Ernst ndio uliobaki na Ukurfürst, na Kurfürst wake Friedrich, aliyeitwa Mwenye Hekima, ndiye aliyemficha Martin Luther katika ngome ya Wartburg mwaka 1521.

Kisha wakaanguka. Mwaka 1547 walishindwa vitani huko Mühlberg, na Ukurfürst ukahamia kwa binamu zao wa mlango wa Albrecht. Wazao wa Ernst wakabaki na vipande vya Thuringia, nao wakaendelea na desturi ya kugawia kila mtoto wa kiume sehemu yake. Aliyeliona shamba la babu likikatwa kati ya wana watano, kisha kila kipande kikakatwa tena kwa wajukuu hadi mtu anabaki na mistari michache ya migomba, ataielewa Thuringia ya karne ya 17 bila mwalimu. Ernst wa Gotha, mtawala mwenye cheo cha Herzog, aliyefariki mwaka 1675, aliacha wana saba, na mwaka 1680 wote saba wakagawana. Ndiyo sababu vitabu vya historia vimejaa majina kama Sachsen-Meiningen, Sachsen-Hildburghausen na Sachsen-Saalfeld. "Sachsen" inakumbusha asili, na jina la mji linakuonyesha kipande.

Mlango mmoja ukikosa mrithi wa kiume, majirani walikaa chini na kugawana upya. Hilo lilitokea mwaka 1825 kwa watawala wa Gotha. Mwaka uliofuata Herzog wa Sachsen-Coburg-Saalfeld aliiachia Saalfeld, akapewa Gotha, naye akawa Ernst wa Kwanza wa Sachsen-Coburg na Gotha. Ile "na" katikati ya jina ina kazi yake, kwa sababu vilikuwa vijidola viwili chini ya mtawala mmoja, kila kimoja na mji wake mkuu. Kwa pamoja havikufika kilomita za mraba 2,000.

Kwa nini walikuwa na waoaji na waolewaji wengi

Herzog ndicho cheo cha mtawala wa kijidola cha aina hiyo. Magazeti huita Duke, lakini kuna tofauti kubwa na Duke wa Uingereza. Uingereza, Duke akifa cheo huenda kwa mtoto mmoja, na wengine hurudi polepole kuwa raia wa kawaida. Ujerumani, watoto wote wa nyumba inayotawala walikuwa Prinz au Prinzessin, na watoto wa wana wao wa kiume vilevile. Fürst ni jambo jingine, ingawa nalo mara nyingi hutafsiriwa kuwa mwanamfalme. Fürst ni mtawala mwenye nchi yake. Prinz anaweza asiwe na hata kiwanja.

Kwa hiyo Ujerumani ilijaa vijana wenye damu ya kutawala na mifuko mitupu. Nao walihitajika, kwa sababu nyumba za kifalme zilidai ndoa za watu wa daraja moja. Prinz akioa mwanamke wa daraja la chini, ndoa ilikuwa halali kanisani, ila mke na watoto hawakupata cheo cha baba wala urithi wa kiti. Mwaka 1851 Prinz Alexander wa Hessen alimwoa Julia Hauke, binti wa jenerali, aliyekuwa mhudumu katika ikulu ya Urusi. Kwa kuwa hakustahili jina la Hessen, alitungiwa cheo kipya kutokana na mji mdogo wa Battenberg. Tulishike jina hilo, tutalirudia.

Faida ya Wajerumani hawa ilikuwa udogo wao. Dola kubwa ikimleta bwana harusi kutoka Ufaransa au Urusi, majirani wote wanashtuka. Mtu wa Coburg hakumtisha yeyote.

Watoto wa Herzog Franz

Herzog Franz wa Coburg alifariki mwaka 1806 akiwa na madeni zaidi ya mali, lakini watoto wake ndio walioibeba nyumba. Binti yake Juliane aliolewa Urusi mwaka 1796 na Konstantin, mjukuu wa Malkia Katarina Mkuu. Ndoa ile haikuwa na heri, na Juliane aliondoka Urusi mwaka 1801, ila mlango wa ikulu kubwa ulikuwa umefunguliwa. Mwanawe Ferdinand alimwoa mrithi tajiri kutoka Hungaria, Antonia Koháry. Mtoto wao, Ferdinand vilevile, alimwoa Malkia Maria wa Pili wa Ureno mwaka 1836, na mjukuu wa Antonia, naye Ferdinand, akachaguliwa kuitawala Bulgaria mwaka 1887. Aliyemtangulia kwenye kiti hicho cha Bulgaria alikuwa mtoto wa Julia Hauke, Alexander wa Battenberg.

Wa kutazamwa zaidi ni kitinda mimba, Leopold, aliyezaliwa mwaka 1790. Mwaka 1816 alimwoa Charlotte, mtoto pekee wa mrithi wa kiti cha Uingereza. Angekuwa mume wa malkia. Novemba 1817 Charlotte alijifungua mtoto mfu, naye akafa saa chache baadaye. Uingereza ikajikuta haina mjukuu halali hata mmoja wa Mfalme George wa Tatu, na wana wa mfalme waliokuwa wamezeeka na hawara zao wakakimbilia kuoa. Mmoja wao, Duke wa Kent, alimwoa mwaka 1818 dada yake Leopold, mjane aitwaye Victoire. Mei 1819 akazaliwa Victoria.

Miezi mitatu baadaye, Agosti 1819, mke wa Ernst, kaka yake Leopold, akajifungua mtoto wa kiume katika kasri la Rosenau karibu na Coburg. Akaitwa Albert. Mkunga aliyempokea Albert, Charlotte von Siebold, ndiye huyohuyo aliyempokea Victoria kule London. Victoria na Albert walioana tarehe 10 Februari 1840. Albert alikuwa mtoto wa mjomba wake Victoria. Leopold, aliyeipigia debe ndoa ile kwa miaka, alikuwa mjomba kwa bibi harusi na baba mdogo kwa bwana harusi, na wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji, tangu 1831.

Kwa hiyo Leopold wa Pili, aliyeifanya Kongo kuwa mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, alikuwa mtoto wa Leopold huyu. Alikuwa binamu wa Victoria na binamu wa Albert kwa wakati mmoja. Hadithi ya ujamaa ni kweli. Lakini ujamaa haukuwa sababu ya Kongo. Leopold aliipata kwa mikataba ya Stanley na wenzake, kwa kuyachezea mataifa makubwa yaliyooneana wivu, na kwa kujificha nyuma ya vyama alivyoviita vya kisayansi na vya utu. Mateso ya mpira na pembe za ndovu yaliyofuata yana wahusika wenye majina, na kuyapunguza yawe mambo ya familia ni kuwatendea vibaya waliokufa.

Mtu wa Afrika Mashariki na Kongo amekuwa akiusoma mti huu wa ukoo kwenye ramani bila kujua. Ziwa ambalo Waganda wanaliita Nalubaale lilipewa jina la Victoria na Speke mwaka 1858. Mwitanzige ya Wanyoro ikaitwa Albert mwaka 1864, Samuel Baker akimkumbuka mume wa malkia aliyekuwa amefariki 1861. Ziwa Edward ni la mtoto wao, na Ziwa George, linalounganishwa nalo kwa Mfereji wa Kazinga, ni la mjukuu. Upande wa Kongo, Kalemie ilikuwa Albertville, kwa jina la Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, mpwa na mrithi wa Leopold wa Pili, aliyetoka kwenye mlango huohuo wa Coburg. Lubumbashi ikaitwa Elisabethville kwa jina la mkewe.

Nani hasa alikuwa wa Coburg?

Hapa wengi huteleza. Victoria mwenyewe hakuwa wa mlango wa Coburg. Baba yake alikuwa wa Hannover, ukoo mwingine wa Kijerumani uliokalia kiti cha Uingereza tangu 1714. Wala Hannover kwenyewe hakutawala, kwa kuwa sheria ya huko ilimtanguliza mwanamume, na mwaka 1837 kiti hicho kilikwenda kwa ami yake huku yeye akichukua cha London. Nchi mbili zilizokuwa na mfalme mmoja kwa miaka 123 zikaachana siku hiyo kwa sababu mrithi alikuwa mwanamke.

Coburg iliingia kwenye kiti cha Uingereza Victoria alipofariki mwaka 1901 na mtoto wake, Edward wa Saba, kurithi. Edward alikuwa wa mlango wa baba yake. Baada yake akaja George wa Tano mwaka 1910, na mwaka 1917 jina likafutwa. Miaka 16 tu, wafalme wawili. Ubelgiji ukoo huohuo unatawala hadi leo, ingawa vyeo vya Saksonia viliwekwa kando baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Tena, kufuata jina la baba ni uamuzi, si sheria ya maumbile. Wareno waliendelea kuwaita watoto wa Maria wa Pili kwa jina la Bragança, nyumba ya mama, ingawa baba yao alikuwa Coburg. Waingereza mwaka 1901 walifuata baba. Mwaka 1952 Elizabeth wa Pili alifanya kama Wareno, akatangaza kwamba yeye na watoto wake watabaki nyumba ya Windsor. Kwa hesabu ya kiume, Charles wa Tatu ni wa mlango wa Glücksburg, wa baba yake Philip, ambao ndio mlango wa Mfalme Harald wa Norwe.

Jina linabadilishwa kwa wino

Tarehe 13 Juni 1917 ndege za Kijerumani ziliishambulia London mchana na kuua watu 162, wakiwamo watoto wa shule. Ndege zile ziliitwa Gotha, kwa kuwa kiwanda chake kilikuwa katika mji wa Gotha. Jina la mji huohuo lilikuwa ndani ya jina la nyumba ya mfalme. Washauri walipouliza jina la familia ya mfalme ni lipi, wataalamu wa nasaba hawakuwa na uhakika, labda Wettin, labda Wipper. Katibu wa mfalme, Lord Stamfordham, akapendekeza Windsor, jina la kasri. Tarehe 17 Julai 1917 likatangazwa.

Mwaka huohuo Battenberg waliokuwa Uingereza wakaambiwa nao wabadilishe. Mkubwa wao, Louis, mtoto wa Julia Hauke, alikuwa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza hadi Oktoba 1914, alipojiuzulu kwa sababu ya chuki dhidi ya asili yake. Jina lake likafanywa Kiingereza, likawa Mountbatten. Mjukuu wake kwa binti, Philip, alilichukua mwaka 1947 alipokaribia kumwoa Elizabeth. Wote wawili walikuwa vilembwe vya Victoria. Mwaka 1960 ikatangazwa kwamba wazao wao wasio na cheo cha mwanamfalme watatumia Mountbatten-Windsor. Cheo cha Andrew kilipoondolewa, kilichobaki chini yake ni jina hilo.

Mtoto aliyepelekwa Coburg

Wino ulimsaidia George, lakini kuna ndugu mmoja ambaye haukumfaa. Ernst wa Pili, kaka yake Albert, alifariki mwaka 1893 bila mtoto halali, na urithi wa Coburg ukaenda kwa wana wa Victoria. Edward alikwisha kuukataa, kwa kuwa Uingereza ilimngoja. Akaenda mdogo wake Alfred. Mtoto pekee wa kiume wa Alfred akafa 1899, na Alfred mwenyewe mwaka uliofuata. Duke wa Connaught, mwana mwingine wa Victoria, na mwanawe nao wakakataa. Akabaki mjukuu mmoja, Charles Edward, aliyezaliwa Julai 1884 baada ya baba yake kufa, mwanafunzi wa shule ya Eton.

Alipourithi alikuwa na miaka 16. Alikwisha kupelekwa Ujerumani, akawa Carl Eduard, akakabidhiwa madaraka kamili mwaka 1905. Vita vilipozuka alisimama upande wa Ujerumani. Mwaka 1919 Uingereza ikamvua cheo chake cha Duke wa Albany, na tayari Novemba 1918 alikuwa ameng'oka Coburg. Watu wa Coburg walipiga kura ya kutoungana na Thuringia, wakajiunga na Bavaria mwaka 1920, huku Gotha ikibaki Thuringia. Carl Eduard alijiunga na chama cha Nazi na kuongoza Msalaba Mwekundu wa Ujerumani tangu 1933 hadi 1945. Utoto wake unasikitisha. Aliyoyafanya utu uzimani aliyachagua mwenyewe. Alifariki Coburg mwaka 1954. Mtoto wa binti yake ni Mfalme Carl Gustaf wa Uswidi, ambaye hata hivyo ni wa mlango wa baba yake, Bernadotte.

Vipi leo? Katiba ya Ujerumani ya 1919 ilifuta haki za pekee za watu wa daraja la juu, lakini haikuyafuta majina. Cheo kikawa sehemu ya jina la familia. Mtu anayeitwa Prinz von Sachsen-Coburg und Gotha nchini Ujerumani ni raia kama wengine, "Prinz" likiwa kwenye jina lake la ukoo, na ndiyo maana mtu mzima akiasiliwa na familia kama hiyo anaweza kutoka na jina hilo bila tone la damu yao. Austria ilikwenda mbali zaidi, ikafuta hata "von". Kule Bulgaria, Simeon, aliyekuwa mfalme akiwa na miaka sita na kufukuzwa nchini mwaka 1946, alirudi na kuwa waziri mkuu kwa kura kuanzia 2001 hadi 2005. Alitumia jina la Sakskoburggotski.

Na Kilimanjaro?

Mjukuu anayetajwa ni Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani. Mama yake alikuwa binti wa kwanza wa Victoria na Albert, hivyo ujamaa ni wa kweli, ingawa yeye ni wa mlango wa baba, Hohenzollern. Hadithi ya zawadi ndiyo isiyosimama. Mwaka 1885 Karl Jühlke, mtu wa kampuni ya Carl Peters, alipata saini ya Mangi Rindi wa Moshi. Mwaka mmoja kabla yake Mwingereza Harry Johnston alikuwa amefanya mikataba yake Taveta. Serikali mbili zikaketi mwishoni mwa 1886 na kugawana maeneo ya ushawishi bila kuwauliza Wachaga, na Sultani Barghash akaachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi. Mstari ulipandishwa kutoka mdomo wa mto Umba kuelekea Ziwa Victoria, ukapindishwa kaskazini ya mlima ili madai ya Wajerumani Moshi yabaki kwao, Mombasa na Taveta zikabaki upande wa Waingereza.

Kaisari wa wakati huo alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria. Wilhelm wa Pili alikalia kiti Juni 1888, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya mstari huo kukubaliwa.